Chakula cha Kigeni na Amana ya Jikoni

 

Imetufikia barua ya kijana wetu mmoja aliyeko masomoni nchini Malaysia, nje kidogo ya mji wa Kuala Lumpur. Jina lake hatutalitaja, wala majina ya wenzake, kwani mas-ala aliyoyaleta si yake peke yake, bali ni ya kila Mwislamu akaaye mahali penye watu na mila mbalimbali. Barua hiyo ilisomwa katika darasa letu baada ya sala ya magharibi, na kabla ya isha kuadhiniwa sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha gawanyika, huyu akisema hivi na yule akisema vile, na sauti zimepanda. Hapo ndipo tulipojua kuwa maradhi anayoyaeleza kijana yule hayako Malaysia tu. Kwa hivyo twaandika haya kumjibu yeye, na kuzionya nafsi zetu pia.

Kisa chenyewe ni hiki. Vijana wanne wa Pwani yetu wanakaa nyumba moja huko. Desturi yao ilikuwa, kila Ijumaa baada ya sala, kupika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, kuupakua katika sinia moja walilolichukua kutoka kwao, na kulizunguka wote wanne. Kisha ukafunguliwa mkahawa karibu na chuo chao. Mwenye mkahawa ni Mchina asiyekuwa Mwislamu. Wapishi wake ni Wamalay Waislamu. Na ukutani imetundikwa hati ya halali. Vyakula vyake ni mchanganyiko wa vya kwao na vya Kizungu: pembeni mwa wali wa nazi umo mnofu wa kuku uliokaangwa kwa unga wa mkate, tambi za Kitaliana zimetiwa pilipili ya Kimalay, na mkate wa baga umefumbata nyama ya rendang.

Kijana wa kwanza akakataa kuingia, akasema kuwa kula chakula cha Wazungu kwa uma na kisu ni kujifananisha nao, na mwenye kujifananisha na watu huwa katika wao. Wa pili akakataa kwa sababu nyingine: mwenye mkahawa si Mwislamu, basi nani ajuaye kilichomo chunguni? Wa tatu akaingia, akala, akatoka akiwacheka wenzake. Kwake yeye hati iko ukutani na maneno yamekwisha. Wa nne ndiye aliyetuandikia.

Maneno yakazidi. Wa kwanza alimwita wa tatu mtumwa wa Wazungu. Wa tatu akamjibu kuwa yeye ni mshamba asiyejua dunia. Na wa pili akaanza kujipikia peke yake katika sufuria yake, akikhofu sufuria iliyoguswa na watu waliokula kule. Sinia sasa limeegemezwa ukutani jikoni, na limeshika vumbi. Na tazama, ewe msomaji, jambo analolitaka kijana huyu. Hakutuuliza kama kuku yule ni halali. Ametuuliza afanye nini ili sinia lirudi chini.

Kabla ya kutoa jawabu, yafaa tukijue kitu chenyewe, kwani mtu hahukumu asilolijua.

Chakula chao kikubwa kwa jina ni nasi lemak, na maana yake haiko mbali nasi. Ni wali uliopikwa kwa tui la nazi, ukatiwa jani la pandan, mti wa jamaa moja na mkadi wetu, upate kunukia. Huliwa na pilipili iliyosagwa na kukaangwa, iitwayo sambal, na dagaa waliokaushwa, njugu, tango na yai. Mtu wa Lamu au Mombasa akiwekewa mbele yake hatauliza ni kitu gani. Atauliza tu mbona umetiwa jani. Na rendang ni nyama ya Waminangkabau wa Sumatra, inayopikwa kwa tui na viungo juu ya moto mdogo muda mrefu, mpaka tui likauke na nyama ibaki na mafuta yake.

Ama vile vya Kizungu, vina historia yake. Katika zama za utawala wa Waingereza huko Malaya na Singapore, wengi katika wapishi wa majumba ya Wazungu na mahoteli walikuwa Wachina waliotoka kisiwa cha Hainan. Walijifunza kuwapikia mabwana zao walivyovitaka, lakini mikono yao haikusahau kwao. Kuku wa kukaangwa wakammwagia mchuzi mzito uliokolezwa kwa maji ya soya, wakamwekea viazi, njegere na vitunguu, wakamwita ‘chicken chop’. Wengi wao wakafungua mikahawa yao wenyewe, na chakula kile kikashuka kutoka meza ya bwana mkubwa mpaka meza ya mchukuzi na karani. Huko Singapore kikatokea kitu kingine kiitwacho roti john: mkate mrefu uliopasuliwa, ukatiwa nyama ya kusaga, vitunguu na mayai, kisha ukakaangwa. ‘Roti’ ni neno la Kihindi, ‘John’ ni jina la Mwingereza, na wauzaji wake wengi ni Waislamu.

Na kipo kisa kingine kitufaacho zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwako Mwislamu mmoja wa Malaysia, Ramly Mokni, aliyejua kazi ya bucha. Aliona vijana wa kwao wanapenda baga, na nyama ya baga iliyokuwa ikiletwa kutoka nchi za nje haikuwa na yakini ya uhalali wake. Hakusimama msikitini akawatukana vijana. Alitengeneza baga yake mwenyewe kwa nyama halali, yeye na mkewe, kwa mtaji mdogo, wakauza barabarani. Leo baga ya jina lake, iliyofungwa ndani ya yai jembamba lililokaangwa, yajulikana Malaysia nzima na hata nje yake. Twaomba msomaji akiweke kisa hiki akilini, kwani tutakirejea.

Sasa tuingie katika mas-ala yenyewe, nayo yana milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni ugeni wa chakula. Jee, chakula kuwa cha Wazungu kwafanya kiwe haramu, au kiwe aibu kwa Mwislamu?

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 168, amewaambia watu wote, si Waislamu peke yao, wale vilivyomo katika ardhi vikiwa halali na vizuri. Hakusema vilivyomo katika ardhi ya baba zao. Na Mtume (S.A.W.) alipokuwa safarini Tabuk aliletewa jibini, chakula ambacho hakikuwa kikitengenezwa na watu wake, akataka kisu, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akakata. Kadhalika alivaa joho lililotoka Sham, nayo siku hizo ilikuwa nchi ya Warumi. Lau ugeni wa kitu ungekuwa sababu ya kukiharimisha, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kukiacha.

Tena tujitazame sisi wenyewe. Nani kati yetu alaye chakula cha baba zake peke yao? Muhogo, mahindi na pilipili asili yake ni bara la Amerika. Vilifika kwetu baada ya Wareno kuingia katika bahari hii mwaka 1498. Ndizi asili yake ni huko huko Asia ya Kusini Mashariki anakokaa kijana wetu. Mchele wetu ulivuka bahari, na chapati, biriani na achari zina nasaba Bara Hindi. Hata meza tunayoilia, jina lake tumelipata kwa Wareno. Na hao Wamalay ambao yule kijana wa kwanza awaona kuwa wana chakula chao safi kisichochanganyika, hawakuwa na pilipili katika sambal yao mpaka ilipovushwa kutoka Amerika. Basi mwenye kutaka kuitoa mikono ya wageni katika sinia lake, na aanze. Akimaliza atabaki na sinia tupu.

Atasema: vipi basi ile hadithi ya kujifananisha? Twasema: hadithi hiyo iko, nasi twaiheshimu. Lakini wanazuoni wameifasiri kuwa ni kujifananisha na watu katika yale yaliyo alama ya dini yao, au kwa nia ya kuiacha njia ya Waislamu na kutamani kuhesabiwa miongoni mwa wengine. Mwaka 1903 Waislamu wa Transvaal, Afrika ya Kusini, walipeleka masuala Misri wakiuliza, pamoja na mengine, juu ya kuvaa kofia za Kizungu na kula nyama iliyochinjwa na Wakristo. Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Abduh, aliwajibu kwa kuwafungulia njia: kofia si ukafiri kwa asiyekusudia kutoka katika dini yake, na chakula cha Watu wa Kitabu kimehalalishwa katika Sura ya Al-Maida. Fatwa hiyo ilileta kelele nyingi, na jarida la Al-Manar la Sayyid Rashid Rida likaitetea. Na mafunzo ya Al-Manar ndiyo yaliyofika Singapore, likatoka huko jarida la Al-Imam mwaka 1906. Ndiyo pia yaliyofika Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui akatoa Al-Islah mwaka 1932. Sisi na Wamalay tumekunywa kisima kimoja, na madhehebu yetu ni moja ya Imam Shafii. Haitupasi leo kurudi nyuma ya mahali walipotufikisha wazee hao.

Lakini tusimdhulumu kijana wa kwanza. Katika khofu yake limo jambo la kweli, ila amelielekeza kwa kuku badala ya kulielekeza kwa moyo. Wako miongoni mwetu watu wanaopenda kitu kwa sababu tu ni cha Mzungu. Mtoto akirudi mjini huona haya kula kwa mkono mbele ya wageni. Chakula cha nyanyake kwake ni uchafu, na kile kile akiuziwa kwa jina la kigeni na kwa bei mara tatu hukisifu. Haya ni maradhi, nayo yaitwa kuidharau nafsi. Sheikh Al-Amin aliwaonya watu wetu wasiige mabaya ya Wazungu na kuyaacha mazuri yao ya elimu na bidii. Hata hivyo, dawa ya maradhi hayo si kuharimisha alichohalalisha Mungu. Kufuata desturi za baba zetu bila ya kufikiri, hata tukazifanya dini, ni taqlid. Na kumfuata Mzungu bila ya kufikiri ni taqlid vile vile. Huyu amefumba macho akitazama nyuma, na yule amefumba macho akitazama mbele. Wote wawili hawaoni.

Na mtu atajuaje kama amepatwa na maradhi hayo? Ajiulize: nikila hiki, namdharau nani? Ikiwa jawabu ni hakuna, basi ataje jina la Mwenyezi Mungu na ale. Wale wapishi wa Hainan walichukua chakula cha mabwana zao, wakakitia mchuzi wa kwao; na yule bwana Ramly alichukua baga ya Wamarekani, akaisafisha na kuivika yai. Hao hawakuwa watumwa wa chakula cha wengine, kwani mtumwa hageuzi kitu cha bwana wake.

Mlango wa pili ni shaka. Mwenye mkahawa si Mwislamu. Jee, yatupasa tumdhanie vibaya?

Hapa pana mambo mawili yanayofanana kwa mbali, na mtu asipokuwa mwangalifu huyachanganya. La kwanza ni wara, nayo ni mtu kujiepusha na lenye shaka kwa kuikhofia nafsi yake. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yao yako mambo yenye kutatiza, na mwenye kuyaepuka ameiokoa dini yake na heshima yake. La pili ni waswasi, nao ni shaka isiyokuwa na msingi wowote ila woga.

Msingi wa shaka uko wapi, basi? Twakiri kuwa katika mapishi ya Kizungu iko milango mingi ya haramu kuingilia. Wao hutia mvinyo katika mchuzi wa nyama. Jibini huenda ikagandishwa kwa kitu kitokacho tumboni mwa ndama, na ndama huyo hajulikani alivyochinjwa. Vitu vinavyogandisha vitamutamu huenda vikatengenezwa kwa ngozi au mifupa ya nguruwe. Hata brashi ya kupakia siagi juu ya mikate yaweza kuwa ya manyoya ya nguruwe: Februari 2017 wakaguzi wa serikali ya Malaysia walikamata zaidi ya brashi 2,000 zilizokuwa zikiuzwa madukani bila ya kuandikwa asili yake. Kwa hivyo kuuliza si waswasi. Kuuliza ni wajibu wa mwenye akili, na mwenye kibao kisemacho tu kuwa hapa hapauzwi nguruwe bado hajalijibu suala, kwa kuwa huenda kuku wake hakuchinjwa inavyopasa.

Lakini mtu akiuliza akajibiwa, akatazama akaridhika, hana ruhusa kuendelea kuwatuhumu watu kwa sababu ya kabila lao. Abu Thaalaba alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kula katika vyombo vya Watu wa Kitabu, akaamrishwa kuwa asipopata vingine avioshe ale. Maji yalitosha. Na Bibi Aisha amesimulia kuwa watu walisema waletewa nyama na jamaa waliosilimu karibuni, hawajui kama jina la Mwenyezi Mungu lilitajwa juu yake au halikutajwa. Mtume (S.A.W.) hakuwaambia wakapeleleze nyumba za watu, wala hakuwaambia waitupe. Aliwaambia wataje wao jina la Mungu, wale. Ikiwa mchinjaji ni Mwislamu, na mpishi ni Mwislamu, na vyombo ni safi, basi Uchina wa mwenye meza na viti hauingii chunguni. Na yule kijana wa pili, kwa kuikimbia sufuria iliyoguswa na ndugu zake Waislamu, amekwisha toka katika kumshuku Mchina akaingia katika kuwashuku watu anaosali nao safu moja. Hivyo ndivyo waswasi ufanyavyo. Haukomi pale ulipoanzia.

Twataka kulisema jambo hili waziwazi. Wara ni vazi la mtu mwenyewe, si fimbo ya kumpigia mwenzake. Mwenye kuacha kitu kwa ajili ya Mungu hukiacha kwa upole, na mara nyingi watu hawajui kuwa amekiacha. Akiwa amekiacha kisha akapiga kelele, basi huenda alichokitafuta si radhi ya Mungu.

Mlango wa tatu ni hati iliyo ukutani. Kijana wa tatu asema hati yatosha. Na hapa twamgeukia yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyedhani kuwa hana kosa.

Hati ni jambo jema, wala hatuidharau. Huko Singapore, baraza la dini la Waislamu lilianza kutoa hati za halali mwaka 1978. Malaysia imeweka sheria mwaka 2011 kuwa hati yao haitolewi ila na idara ya dini ya serikali, iitwayo JAKIM, pamoja na mabaraza ya dini ya majimbo. Na mwenye kudai uhalali kwa uongo hushitakiwa. Wakaguzi huingia jikoni, hutazama nyama ilikotoka, huuliza nani apikaye. Mji ukiwa mkubwa na watu hawajuani, hati husimama mahali pa ushahidi wa jirani. Zamani ulimjua mchinjaji wa mtaa wako na baba yake. Leo kuku amesafiri njia ya siku nyingi kabla hajakufikia, na wewe huna mtu wa kumuuliza.

Lakini hati ni shahidi, na shahidi huweza kusema uongo. Desemba 2020 magazeti ya Malaysia yalieleza khabari ya genge la wafanya biashara lililokuwa likiingiza nyama kutoka nchi za nje, ambayo haikuthibitishwa kuwa halali, na kuifunga upya kwa mihuri ya halali ya uongo. Waislamu waliokula nyama hiyo walitazama muhuri, na muhuri ulikuwako. Hao hawana dhambi, kwani walifanya lililowapasa. Lakini kisa hiki chatufundisha kuwa karatasi haiwezi kuwa bora kuliko watu walioiandika. Nyuma ya hati yuko mkaguzi. Nyuma ya mkaguzi yuko mpishi peke yake jikoni, usiku, chupa iko mkononi mwake na hapana amuonaye ila Mola wake. Hapo ndipo uhalali unapokaa. Twaitafuta ukutani, nayo imo katika amana ya mtu.

Na jingine. Mwenyezi Mungu hakutuamrisha tule halali tu; ametaja halali pamoja na kizuri. Kijana wa tatu hula akatosheka na hati, lakini jee, amewahi kumtazama amletaye sahani na amuoshaye vyombo? Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanya kazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kuku aliyechinjwa kwa jina la Mungu, akapikwa na mtu aliyedhulumiwa mshahara wake, ametimiza sharti moja akavunjiwa jingine. Na chakula kinachobaki nusu sahani kikamwagwa, kwa sababu mlaji alikiagiza apate kuonekana kuwa anakijua, chaingia katika ubadhirifu tuliokatazwa. Na kumcheka ndugu yako kwa kuwa hakukila, Sura ya Al-Hujurat imekataza watu kuwacheka watu, huenda wanaochekwa wakawa bora. Basi huyu alikula halali kwa kinywa, na kwa kinywa kile kile akafanya haramu.

Yako pia mabishano ya majina. Mwaka 2016 JAKIM ilisema kuwa mikate yenye soseji iliyopewa jina la Kiingereza lenye neno ‘mbwa’ itafutiwe jina jingine ndipo ipewe hati, ili watu wasitatizike. Wengine walicheka, wengine walisifu. Sisi twaona kuwa kuwaondolea watu utatanishi ni jambo jema, lakini isije ikadhaniwa kuwa hukumu imo katika jina. Mtume (S.A.W.) ametabiri kuwa watakuja watu watakaokunywa ulevi na kuuita kwa jina lisilokuwa lake, jina zuri halitawaokoa. Na kama jina zuri haliihalalishi haramu, basi jina geni nalo haliiharimishi halali.

Sasa tumefika kwenye suala la kijana wetu, la sinia.

Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume (S.A.W.) aliwekewa nyama ya mnyama wa jangwani, aliye mfano wa kenge mdogo, Waarabu wamwita dhabb. Alipoambiwa ni nyama gani aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu. Akasema si haramu, lakini mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta nyama kwake akala, na Mtume (S.A.W.) akimtazama.

Twaomba kila mmoja wa vijana wale wanne akisome kisa hiki, kwa kuwa wote wamo. Yumo mtu asiyekipenda chakula kwa ugeni wake, naye ni mbora wa viumbe. Hakuifanya nafsi yake kuwa sharia juu ya wengine. Yumo mtu aliyeuliza kabla ya kula, akakubali jawabu. Yumo mtu aliyekula, wala hakumcheka asiyekula. Na wote walikuwa mbele ya chakula kimoja. Mtume (S.A.W.) aliacha chakula, lakini hakuwaacha wenzake.

Basi jawabu letu ni hili.

Kwanza: chakula cha mkahawa ule, ikiwa nyama yake imechinjwa kwa sharia, na hakikutiwa ulevi wala cha nguruwe, na vyombo vyake ni safi, ni halali, ugeni wake hauna hukumu, wala uma na kisu si dini ya mtu.

Pili: mwenye shaka na aingie kwa adabu, aulize. Akiridhika ale; asiporidhika asile, wala asiwakatishe wengine tamaa kwa jambo asiloliona kwa macho yake. Ama sufuria ya ndugu zake, hana hoja ya kuikimbia.

Tatu: mwenye kuitegemea hati na aitegemee, ila ajue kuwa hati yamhukumu mwenye mkahawa, yeye mlaji atahukumiwa kwa ulimi wake, kwa israfu yake, na kwa dharau yake. Awaombe radhi wenzake, wa kwanza naye amuombe radhi yeye.

Nne, nayo ni kwako wewe uliyetuandikia: Ijumaa ijayo usiwaite kwa mjadala. Lioshe sinia. Pika wali kama mlivyozoea, na ukipata jani la pandan tia moja, wajue kuwa tui la kwao na tui la kwenu ni tui moja. Weka chini, kisha waite kwa majina yao, mmoja mmoja. Akikuambia mmoja kuwa hali, mwambie aje akae tu. Twataraji kuwa atakayekaa atanyoosha mkono. Na asiponyoosha Ijumaa hii, mwekee upande wake, umpikie tena Ijumaa ya pili. Tumefundishwa kuwa chakula cha mmoja huwatosha wawili. Sisi twaongeza kwa uzoefu wetu kuwa mara nyingi ugomvi wa wawili hauwezi kustahimili chakula cha mmoja.

Ama sisi wa darasa hili, usiku ule baada ya isha hapana aliyeondoka. Mmoja wetu aliyepandisha sauti zaidi kuliko wote ndiye aliyekwenda dukani akarudi na mikate na kahawa. Hatukumuuliza mwokaji ni wa kabila gani. Tulijua kuwa ni Mwislamu mwaminifu, tukataja jina la Mwenyezi Mungu, tukala.

Mwenyezi Mungu atujaalie vinywa vilivyo safi kwa viingiavyo na kwa vitokavyo. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi. Wassalaam.